Kabla hujailaumu programu, tafuta tundu

Juzi usiku kijana mmoja wa mwaka wa nne, uhandisi mitambo, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Faili langu la STL nikiliweka kwenye Gmsh linagoma, linasema pembetatu zimepandana. Nikihamia OpenFOAM natoka na boksi tu. Nimebakiza wiki mbili kuwasilisha mradi. Nisaidie."

STL ni faili la sura ya kitu, Gmsh ni programu ya kuigawa sura hiyo vipande vidogo (meshi), na OpenFOAM ni ya kukokotoa mkondo wa maji au hewa. Nilicheka, halafu moyo ukaniuma. Boksi hilo nalijua, lilishanikosesha kazi.

Nilikuwa sina hata mwaka tangu nimalize chuo. Kampuni moja ya pampu za umwagiliaji, sitaitaja, ilinipa kazi ya majaribio: nikokotoe maji yanavyopita ndani ya kasha la pampu. Walikuwa wamelifungua, wakaliskani kwa ndani, wakanipa faili la STL. Nikawaambia siku tano zinatosha. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu.

Wewe unayesoma hapa unataka kufika nilikokuwa nataka kufika, kwa hiyo shika hili. STL ilitoka kwa 3D Systems mwaka 1987, kwa ajili ya mashine za kuchapa vitu vya pande tatu. Ndani yake kuna pembetatu tu: ncha tatu, na mshale wa kuonyesha nje ni upande gani. Haijui milimita wala mita, na haina kitu tumboni. Ni ganda la andazi. Kazi ya kutengeneza meshi ni kulijaza andazi hilo seli kwa seli, ili hesabu za mkondo zipate pa kukaa.

Kosa la kwanza nililipitia haraka. OpenFOAM inasoma namba zote kama mita, na faili lilichorwa kwa milimita, hivyo pampu yangu ilikuwa na upana wa mita 240. Nikazidisha kwa 0.001, tukaendelea.

Kosa la pili ndilo lililonimaliza. snappyHexMesh, chombo cha OpenFOAM cha kutengeneza meshi, inafanya hivi: unaanza na boksi kubwa lililojaa vitofali, unatumbukiza sura ya pampu humo, halafu unaitajia programu nukta moja iliyo mahali pa maji. Inaanzia kwenye nukta hiyo na kusambaa, tofali hadi tofali, mpaka igonge ukuta. Ilikofika inabaki, kwingine kote kunatupwa. Baadaye ndipo vitofali vya pembeni vinavutwa vilale vizuri juu ya ukuta.

Kwa seli za milimita 4 nilipata meshi safi sana. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia bosi kwenye WhatsApp, akanijibu kwa kidole gumba. Kisha akaomba seli ziwe ndogo karibu na ukuta. Nikashuka hadi milimita 1, nikaiacha kompyuta inaunguruma, nikalala. Asubuhi nafungua ParaView, programu ya kutazama meshi, pampu haipo. Kuna tofali. Tofali zima la seli, kona nane, kama la kujengea.

Usiku tatu sikulala. Nilihamisha nukta. Nilibadilisha kila namba kwenye faili la mipangilio. Nilifuta programu nikaiweka upya, nikaitukana na kuitukana tena. Siku ya tano nikaenda na ile picha ya milimita 4. Mhandisi wao aliuliza swali moja tu: "Na hiyo nyingine iko wapi?" Nikaanza kueleza habari za programu. Akaitazama saa yake. Kwamba kazi imepewa mtu mwingine niliambiwa na fundi wa karakana, si na wao.

Wiki mbili baadaye, kwa hasira tu, nikaendesha surfaceCheck, amri ya OpenFOAM ya kukagua sura, ya sekunde chache tu. Kila ukingo kwenye sura iliyofungwa unatakiwa uguse pembetatu mbili, si moja, si tatu. Mimi nilikuwa na kingo 94 zenye pembetatu moja. Nikavuta picha karibu na mdomo wa kuingilia maji. Kile kifuniko nilichokichora mwenyewe kuziba mdomo kilikuwa kimesogea upande, kikaacha mwanya mwembamba kama mwezi mwandamo, milimita 2 pale ulipopanuka zaidi. Seli za milimita 4 zilikuwa zinauziba zenyewe bila kujua. Za milimita 1 zikapenya, zikamwagika nje na kujaza boksi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kukagua sura kwanza. Endesha surfaceCheck. Fungua faili kwenye MeshLab au Blender, programu za kurekebisha sura, ziba matundu, geuza mishale iliyoangalia ndani. Ukimaliza kagua tena. Gmsh na mwenzake TetGen angalau zinakataa kwa mdomo pembetatu zikikatana, snappyHexMesh inakubali kimya kimya halafu inakuaibisha mbele za watu. Na meshi ikitoka, usiitazame kwa nje tu. Ikate katikati uone tumbo. Kisha endesha checkMesh, amri ya kukagua meshi, na soma kila mstari, hasa ule wa pembe za mkao wa seli jirani (non-orthogonality) zinazozidi digrii 70. Vijana tunapenda picha za rangi kuliko kusoma mistari. Tunataka tuonekane tumefika. Mnanikera, na nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Kagua sura. Narudia, kagua sura.

Wiki iliyopita nimekabidhi pampu nyingine, kwa mteja mwingine, seli milioni 2.1, na mstari wa mwisho wa checkMesh ukasoma "Mesh OK." Picha hiyo niliihifadhi. Nilitamani yule mhandisi wa saa aione.

Kijana faili lake amenitumia leo mchana. Pembetatu zinazopandana ni kifuniko cha mdomo wa kuingilia, amekiweka mara mbili, kimoja juu ya kingine. Mdomo wa kutokea hauna kifuniko kabisa, uko wazi kama mlango wa duka. Nimemuuliza kama aliendesha surfaceCheck. Ameandika, "Ndiyo kaka, ila sikusoma."