Dada, Kabla Hujaingia Kwenye Kikundi, Uliza Kinakutana Wapi

Wanawake wanaonifuata pembeni kuniuliza kuhusu kikundi chetu cha wanawake wanaopigwa nyumbani, hapa Busia, Uganda, huanza karibu wote na swali moja: "Mnafundisha nini?" Huwa nawaambia swali hilo lingoje. Uliza kwanza mnakutana wapi, saa ngapi, na nani atakuona ukiingia. Busia ni mji wa mpaka, malori na wageni wanapita usiku na mchana, lakini sisi wenyeji tunajuana mpaka kwa vitenge. Mwendesha boda akimwambia mumeo kwamba amekushusha mbele ya jengo lenye bango la "ukatili wa kijinsia", jioni hiyo utakuwa naye peke yako.

Mimi niliingia kama mshiriki baada ya kutoka kwenye ndoa yangu na wanangu, na sasa ni mmoja wa wawezeshaji. Nimekaa pande zote mbili za mkeka, na ninayoshauri yanatoka huko.

Mtaani kikundi chetu kinajulikana kama cha akiba. Na si uongo. Tuna sanduku la kufuli tatu, funguo zinashikwa na kina mama watatu tofauti, na vitabu vya hisa vinafungiwa humo humo ili visionekane nyumbani. Mume akiuliza "unakwenda wapi?" anajibiwa ukweli. Tunaanza na hesabu: hisa, mikopo, faini za wachelewaji. Sanduku likishafungwa, wenye haraka wanaondoka na wanaotaka kuongea ya nyumbani wanabaki. Wale wanaokuja kwa ajili ya akiba tu ndio wanaotufunika sisi wengine, na wengine kati yao hubaki siku moja bila kuulizwa chochote.

Lakini jihadharini na siku ya kugawana fedha. Anayempiga mkewe mara nyingi anamnyang'anya na pesa, na siku hiyo anaijua kuliko katibu wa kikundi. Kwa hiyo tunakubaliana mapema na kila mama: fungu lake lilipwe moja kwa moja shuleni kama karo, au ligawanywe kidogo kidogo, au litumwe kwenye laini ya simu ambayo mume hana habari nayo. Yeye ndiye anayechagua. Sisi hatumjui mumewe kama anavyomjua yeye.

Kuna vikundi ningekuambia uvikimbie. Kinachopiga picha kila mkikutana, hata wakisema nyuso zitafichwa. Kinachotaka ujaze jina lako kamili, kijiji na nambari ya simu kwenye karatasi inayozungushwa mkono kwa mkono ili mpewe nauli. Nauli ni nzuri, sikatai, ila ile karatasi baadaye inakaa kwenye meza ya nani? Na kile ambacho mwezeshaji anahitimisha kila habari kwa kusema "vumilia, ndoa ni uvumilivu". Kwetu tuna Waislamu na Wakristo, tunaomba dua na sala mwanzoni, lakini mahubiri ya uvumilivu tumeyaacha nje pamoja na viatu.

Warsha za hotelini sizipendi sana. Siku mbili tatu za soda, daftari jipya na maneno makubwa, kisha kila mtu anarudi kwake na hakuna anayemuuliza tena hali. Warsha inayofaa ni fupi na ina kazi moja: alasiri moja na mwanasheria, nyingine na muuguzi, nyingine ya kujifunza kutengeneza sabuni ya maji. Kinachoponya ni kukutana wiki baada ya wiki na watu wale wale. Uganda tuna historia ya hili. TASO, shirika la kuwasaidia wenye virusi vya UKIMWI, ilianzishwa mwaka 1987, wakati watu hao walikuwa wanafichwa vyumba vya nyuma, na moja ya nguvu zake ilikuwa watu kuketi na wenzao wenye shida ile ile. Baadaye, mwaka 2002, watafiti walijaribu vikundi vya mazungumzo katika vijiji vya Masaka na Rakai. Wanawake walikuwa na vikundi vyao na wanaume vyao, kila wiki kwa saa moja na nusu, wiki 16, wakiongozwa na watu wa huko huko waliopewa mafunzo mafupi, si madaktari. Mwishoni, waliokuwa bado na sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, ni asilimia 6.5 katika vijiji vyenye vikundi, na karibu 55 katika vile visivyokuwa navyo. Utafiti ule ulihusu sonona na si kipigo, lakini mtu aliyewahi kuishi na vyote viwili anajua vinavyokaa nyumba moja.

Mtu mpya hatumwambii asimulie. Anakaa, anachambua mchele au anasuka nywele za mwenzake, anasikiliza. Wengine wanakaa kimya mwezi mzima. Tunaongea Kiswahili kwa sababu kati yetu yuko Msamia, yuko Mteso, yuko Msoga, na wapo waliozaliwa ng'ambo ya pili ya mpaka. Nimeona faida nyingine ambayo hatukuipanga: mtu akisimulia kwa lugha isiyo ya mama mkwe, aibu inapungua. Akilia hatumkimbilii kumnyamazisha. Na maswali ya "ulimfanya nini mpaka akapiga?" ni marufuku, hata kwa bibi mwenye mvi.

Kwenye sheria nitapita haraka. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2010 haihusu ngumi peke yake. Kunyimwa matumizi na kutukanwa mfululizo vimo. Unaweza kuanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, ila kama mwenyekiti ni rafiki wa mumeo, nenda polisi kwenye dawati la ulinzi wa mtoto na familia, au kwa hakimu kuomba amri ya ulinzi. Polisi watakupa Fomu nambari 3 ya kujazwa na mhudumu wa afya, nayo haiuzwi. Kama umebakwa, hata na mumeo, kituo cha afya ndiyo safari ya kwanza, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. Na wale wanaoogopa kuondoka kwa kuwa nyumbani kwao watadaiwa ng'ombe warudishe: mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyofunguliwa na MIFUMI, shirika la kutetea haki za wanawake la hapa jirani Tororo, iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ni kinyume cha katiba. Wazee wengi hawajasikia. Waambieni.

Kwa watoto nitakaa, maana hapo ndipo vikundi vingi vinapolegea. Mama anaingia ndani kuongea, watoto wanaachwa uani na binti mkubwa, na dirisha liko wazi. Mtoto anasikia yote aliyokuwa akiyaona usiku, sasa kwa sauti ya mchana. Sisi tunatumia madarasa ya shule ya chekechea wanafunzi wakishaondoka. Watoto wanakaa mbali kiasi cha kutosikia, karibu kiasi cha kumwona mama mlangoni. Watu wazima wawili wako nao kila wakati. Mmoja peke yake na mtoto, haturuhusu, hata akiwa shemasi.

Hatuwaulizi "baba anampiga mama?" Tunawapa udongo, rangi, mpira wa majani ya mgomba. Wanacheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, na kanuni za mchezo hazibadiliki katikati kwa sababu mtu mzima amekasirika. Kwa mtoto aliyezoea kusoma uso wa baba kabla ya kuvuka mlango, hilo ni jambo geni kabisa. Msiwaangalie wale wanaolia tu. Muangalieni na mchekeshaji, yule anayerusha mzaha kila akihisi mtu amekunja uso. Kazi hiyo ameifanya nyumbani muda mrefu. Anayekojoa kitandani akiwa na miaka tisa haadhibiwi wala hasimamishwi na godoro nje.

Wakubwa kidogo tunawafundisha mambo machache mpaka wayaseme kwa moyo: si kosa lako; usiingie katikati wakigombana; mshike mdogo wako mkimbilie nyumba ile tuliyokubaliana; nambari ni 116, Sauti, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo. Waikariri, isiandikwe kwenye simu ya nyumbani. Baba yao hatumsemi vibaya mbele yao. Wanampenda, na ukimtukana wanakuwa na siri ya pili ya kubeba.

Wavulana wa miaka 12 na kuendelea wanahitaji mwanamume mtulivu, mwalimu au kocha, kwa sababu baadhi yao wameshasimama mbele ya panga wakimlinda mama, na baadhi wameanza kumwamrisha mama kwa sauti ya baba. Wakati mwingine ni mvulana yule yule.

Na tukubali lisilopendeza: sisi wenyewe tunawapiga. Mama aliyepigwa usiku anamaliza hasira kwa mtoto aliyemwaga uji asubuhi. Tunaliongelea kwenye mduara bila kumsuta mtu, tukitafuta la kufanya wakati mkono umeshanyanyuka: toka nje, nawa uso, mwite jirani.

Kisha kuna wanaorudi kwa waume zao. Ni wengi, wengine zaidi ya mara moja, na kikundi kinachonuna kitawapoteza wakati hatari imezidi. Hisa zake zinaendelea, jina lake linabaki kitabuni. Akikosa kuja mara mbili mfululizo hatumpigii simu wala kumtumia ujumbe, maana hatujui simu imeshikwa na nani. Anatumwa mmoja wetu kwenda kununua mukene, yaani dagaa, kwenye meza yake sokoni. Kama hayupo, anamuuliza wa meza ya pili bei ya leo, kisha anauliza mwenye meza hii kaenda wapi, na akishajua analeta habari kwa wawezeshaji wawili tu.