Ufunguo wa Pili

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Unauliza kwa nini kila Jumamosi najikokota hadi kikoba, na goti hili na presha hii, wakati hela ya hisa unaweza kunirushia kwa simu nikabaki nyumbani nimepumzika. Nakujibu kwa maandishi maana kwenye simu utanikatiza.

Sanduku letu la hela za kuweka na kukopa lina kufuli tatu, na funguo wanazishika watu watatu. Mimi ninao wa pili. Nisipofika halifunguki, wenzangu 27 wanabaki mkekani wanalitazama.

Baba yako alipofariki, arobaini ikaisha, mkarudi makwenu, nilikuwa nachemsha chai ya maziwa asubuhi, jioni naikuta pale pale imefanya utando. Dawa za presha nameza nikikumbuka, mimi niliyewagombeza wagonjwa miaka 31 wodini! Jumamosi mbili ufunguo nikampa mtoto wa jirani aupeleke. Ya tatu mwenyekiti akaja mwenyewe, akauweka mezani: "Mama Rehema, ufunguo hautembei peke yake." Nikajifunga kanga nikamfuata, nimenuna kwelikweli. Siku hiyo nilimaliza sahani ya ubwabwa. Tangu hapo kuna mwenzangu mmoja, hata salamu hajamaliza, ashaniuliza kama nimemeza kidonge.

Na wataalamu wameliona hili. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walijumlisha tafiti 148, za watu zaidi ya 300,000, wakakuta wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki hai, kwa asilimia 50, katika miaka waliyofuatiliwa. Hawakusema kikoba ni dawa. Vidonge vyangu nameza vilevile.

Wala usidhani tunapendana wote. Yupo anayekopa halafu akikuona sokoni anapita uchochoro mwingine. Na kile kikundi cha michango ya sherehe, sare mpya kila mwezi, nilijitoa. Kile kilikuwa presha juu ya presha.

Wewe nawe, huko Dodoma mwaka wa tatu sasa, jirani wa mlango wa pili anaitwa nani?

Hela ya hisa tuma, sikatai. Ila Jumamosi saa kumi usinipigie, nitakuwa nahesabu.

Mama yako