Maswali na majibu: Pipa, alteneta na upepo wa ziwani

Swali: Ndugu Mhandisi, ninaendesha duka dogo kwenye mwalo wa wavuvi katika visiwa vya Ssese, wilaya ya Kalangala, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Ninahitaji taa nne, redio, na umeme wa kuchaji simu za wateja zipatazo kumi kwa siku. Nimeona kwenye video mtu akipasua pipa la mafuta katikati, akalizungusha kwa upepo na kupata umeme. Pipa ninalo, alteneta ya gari ninayo, betri ya volti 12 ipo, na upepo wa ziwani haunitozi shilingi. Je, naweza kuufunga mtambo huo juu ya paa la duka, kisha niuunganishe kwenye kidhibiti chaji cha sola ambacho tayari ninacho?

Jibu: Ndugu msomaji, vifaa ulivyovitaja kila kimoja ni kizima kwa kazi yake, ila havikuumbwa kufanya kazi pamoja, na sababu kubwa ni kasi.

Nianze na pipa. Mtambo wa namna hiyo unaitwa Savonius, kwa jina la mhandisi wa Finland aliyeubuni katika miaka ya 1920. Uzuri wake ni kwamba hupokea upepo kutoka upande wowote, huanza kuzunguka kwa upepo mdogo, na fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuutengeneza. Udhaifu wake huonekana ukikaa na kalamu. Nusu mbili za pipa la lita 200, zikipishanishwa kidogo katikati, zinakupa uso wa upana wa takriban mita 1 na kimo cha sentimita 88, yaani karibu mita 0.9 za mraba. Upepo wa mita 4 kwa sekunde unaopita katika uso huo unabeba wati 30 tu, kwa sababu usawa wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya pwani. Hakuna mtambo unaoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo, na pipa huchukua karibu asilimia 15. Zinabaki wati nne na nusu kwenye mhimili, kabla mkanda, beringi na jenereta havijala sehemu yao.

Sasa tuingize alteneta, kile kifaa kinachochaji betri ya gari injini inapozunguka. Sumaku yake si ya kudumu. Ni koili ambayo lazima ilishwe umeme kutoka kwenye betri, na ulaji huo unaweza kufikia wati 30 au 40. Kwa hiyo siku ya upepo wa kawaida mtambo wako ungekuwa unaimaliza betri badala ya kuijaza. Tena alteneta huanza kuchaji ikizunguka mara 1,000 hivi kwa dakika au zaidi, ilhali pipa lako kwa upepo huohuo litazunguka mara 75. Ungehitaji puli zinazoongeza kasi zaidi ya mara kumi na tatu, na hapo mkanda utalikaba pipa lisiweze hata kuanza. Wengi huniuliza kama magneto ya pikipiki ya bodaboda, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini yake, ingefaa zaidi. Ina sumaku za kudumu, hilo ni jema, lakini injini yake hata ikiwa imetulia tu huizungusha zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, kwa hiyo tatizo la kasi linabaki palepale. Kijana William Kamkwamba wa Malawi, aliyejulikana kwa mtambo alioutengeneza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa feni ya trekta na vipuri vya baiskeli, alitumia dainamo ya baiskeli, kifaa kidogo sana ambacho gurudumu la baiskeli hukizungusha kwa kasi hata lenyewe likienda taratibu. Kiliwasha taa na redio, na kwa kipimo hicho alifaulu kabisa.

Ukitaka mtambo wa nyumbani unaochaji betri ya volti 12, tafuta jenereta yenye sumaku za kudumu inayofika volti 13 kwa mizunguko michache. Ya kuokoteza iliyo bora ni mota ya mashine ya kukimbilia ya mazoezi, ambayo hupatikana kwa wauza vyuma chakavu Kampala mashine yenyewe inapokuwa imekufa upande wa kompyuta yake. Soma kibandiko chake, kisha gawa mizunguko kwa volti. Mota iliyoandikwa volti 180 na mizunguko 4,000 inakupa mizunguko 22 kwa kila volti moja, kwa hiyo itafika volti 13 ikizunguka kama mara 290 kwa dakika. Jibu likizidi 30, iache. Kabla ya kulipa, kazia shafti yake kwenye drili, izungushe, na usome mita ya volti mbele ya muuzaji. Angalia pia gurudumu zito lililo mbele yake: mara nyingi limekazwa kwa kuzungushwa kama nati, na mapanga, yaani mabawa yanayosukumwa na upepo, yakizunguka upande usio wake litajifungua lenyewe na kuruka. Mtu mwenye subira na fundi hodari anaweza pia kujenga jenereta ya sahani mbili za chuma zenye sumaku, katikati yake koili zilizomwagiwa gundi ngumu, kwa mtindo ambao Hugh Piggott wa Scoraig, huko Uskoti, ameufundisha kwa miaka mingi. Hiyo ni bora kuliko mota yoyote ya kuokoteza, lakini sumaku zake ni ghali na zikivutana zinaweza kuponda vidole, kwa hiyo isiwe kazi yako ya kwanza.

Badala ya pipa, mapanga matatu yaliyokatwa kwenye bomba la plastiki la inchi 6, yakifanya duara la kipenyo cha mita 1.5, yatazunguka zaidi ya mara 300 kwa dakika katika upepo wa mita 4 kwa sekunde, na karibu mara 380 katika upepo wa mita 5, bila puli wala mkanda. Kwa upepo huo wa pili tarajia wati 20 na kitu zinazofika kwenye betri. Usiyadharau, na usiyategemee kupita kiasi: nguvu ya upepo huenda kwa mchemraba wa kasi yake, maana yake kasi ikishuka nusu, umeme unabaki sehemu moja ya nane.

Kuhusu paa, jibu langu ni hapana. Katika ujana wangu wa kazi nilifunga mtambo mdogo kwenye mhimili wa paa la mabati, nikijisifu kuwa nimeokoa gharama ya mnara. Usiku wa kwanza wenye upepo nyumba nzima ilinguruma kama ngoma, na baada ya wiki chache misumari ya mabati ilikuwa imeanza kutoka. Mbali na mtikisiko, upepo unaopanda juu ya paa umejaa vurugu. Unauzungusha huku na huku mkia unaoelekeza mtambo kwenye upepo, na kuyachosha mapanga. Weka bomba la chuma liwe mnara upande wa ufukweni, ncha ya chini ya panga iwe juu ya kila mti na jengo lililo jirani kwa mita 9 hivi. Lishikiliwe kwa nyaya katika pande nne, na shina lake liwe na bawaba ili uweze kulilaza chini wakati wa matengenezo. Mwambao wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, hivyo mnara na kila waya unaoushikilia uunganishwe na fimbo ya shaba iliyozama ardhini. Wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi nao watanata kwenye mapanga. Kila ukiulaza mnara, yaoshe.

Kidhibiti chako cha sola nacho usikitumie kwa upepo. Betri ikijaa, kidhibiti cha kawaida cha sola hukata mkondo, na paneli haina hasara kwa hilo. Mtambo wa upepo ukikatiwa mzigo, yaani kitu kinachotumia umeme wake, huongeza kasi bila breki hadi mapanga yapasuke. Unahitaji kidhibiti kinachouelekeza umeme wa ziada kwenye mzigo wa kuuchoma, kama vile koili ya kupashia maji. Kati ya mota na betri weka diodi, kifaa kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, la sivyo usiku usio na upepo betri itaigeuza mota kuwa feni. Weka pia fyuzi karibu na betri.

Video nyingine utakazokutana nazo, za utepe unaotetemeka kwenye upepo au nguzo inayoyumba bila mapanga, zinaonyesha kanuni za kweli, ila vipimo vya kutengenezea nyumbani hutoa umeme mdogo mno kwa duka. Anayefunga feni juu ya gari ili ichaji gari hilohilo anaulipia umeme huo kwa petroli.

Sasa hesabu ya duka lako: taa nne za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 100, redio ni kama 30, na simu kumi za kisasa ni 150. Jumla ni 280. Mtambo niliouelezea, ukipata upepo wa ziwa wa mita 5 kwa saa sita za mchana, utakupa kama 140. Paneli moja ya wati 100 katika jua letu itakupa karibu 350 kwa siku nyingi za mwaka, bila mnara na bila grisi. Ningekuwa mimi, ningenunua paneli kwanza, na kidhibiti chako hicho kingepata kazi yake halali. Upepo ungekuja wa pili, kwa ajili ya usiku na siku za mawingu.

Kabla ya kununua hata bomba, pima upepo wako kwa miezi mitatu, na miezi ya Juni hadi Agosti ikiwemo itakuwa vizuri zaidi, kwa kuwa ndipo upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani. Andika daftarini asubuhi, alasiri na usiku. Bendera nyepesi ikinyooka na majani yakitikisika bila kukoma, na ziwani povu jeupe likionekana hapa na pale, hesabu mita 4 au 5. Vumbi na karatasi vikiinuka na povu likienea, umefika 6 au 7. Daftari likijaa siku ambazo bendera inaning'inia tu, fedha ya mnara nunulia paneli ya pili.