Tanuu ya chokaa, samaki na kufutika kwa viumbe mara tano

SWALI: Assalaam alaykum, mwalimu. Mimi ni fundi wa lipu hapa Langoni, Lamu. Mwanangu wa sekondari amerudi na habari kwamba viumbe wa dunia waliwahi kufutika mara tano, na kila mara hali ya hewa ilikuwa imebadilika, zama ambazo hakukuwa na gari wala kiwanda. Barazani tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Wenzangu wasema: ikiwa dunia hujibadilisha yenyewe, basi haya ya leo yatuhusu nini? Mimi nauliza jingine: joto la hewa litamuuaje samaki aliye ndani ya maji? Na mwanangu anicheka kwamba hata tanuu yangu ya chokaa inachafua hewa. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam, fundi. Mwanao hajakosea. Wenzako nao hawajakosea kwenye nusu ya kwanza ya hoja yao. Wamepotea walipofika kwenye "basi". Naanza na samaki wako, kwa kuwa kazi yako imekupa mfano ambao wanafunzi wangu hapa Malindi lazima niwachoree ubaoni.

Tanuu unaijua. Kuni zinapangwa duara, matumbawe yanawekwa juu, moto unawashwa, na ukishapoa unalikuta jiwe lako na umbo lake lilelile, ila ukilinyanyua ni jepesi. Kilo 100 za tumbawe safi hubakisha kilo 56 hivi za chokaa. Zile 44 hazikuwa maji wala uchafu. Ni gesi ya kaboni dioksidi iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe, nayo imepaa pamoja na moshi.

Tanuu hiyohiyo ifikirie Siberia, Urusi, miaka milioni 252 iliyopita, mwisho wa kipindi cha Permi, viumbe walipofutika mara ya tatu. Lava ilimwagika ikafunika eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2. Lakini lava ya juu peke yake haielezi balaa lote. Chini yake, ule uji wa moto ulijipenyeza katikati ya matabaka ya mawe ya chokaa, chumvi na makaa ya mawe, ukayachoma yakiwa bado chini ya ardhi. Mawe yalitoa gesi kama yako yanavyotoa, na makaa nayo yakatoa ya kwao. Mitambo ya leo inachimba makaa na kuyachoma kwa makusudi; kule volkano ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Hapo ndipo samaki anapoingia. Gesi hiyo huzuia joto lisitoke duniani, na bahari ikipata joto hushika oksijeni kidogo. Jaribu siku moja: kamba walio hai watie kwenye ndoo mbili za maji ya bahari, moja juani, moja kivulini. Wa juani watatangulia kufa, na maji hayatakuwa yamefikia hata nusu ya kuchemka. Joto linawafanya wahitaji pumzi zaidi saa ileile pumzi inapopungua majini. Sasa ifanye ndoo hiyo iwe bahari nzima.

Kisha kuna ukali. Sehemu ya gesi hiyo huyeyuka baharini na kuyafanya maji yaelekee upande wa tindikali. Kamulia ndimu juu ya unga wa tumbawe uone povu. Bahari ya Permi haikuwa ndimu, lakini mdudu anayejenga nyumba yake kwa chokaa hahitaji ndimu ili ashindwe kujenga. Badiliko dogo linatosha kumlemea.

Joto la bahari ya zamani hiyo tunalipima kwa meno ya wanyama wadogo waitwao konodonti. Ndani ya jino kuna oksijeni nyepesi na nzito, na kadiri maji yalivyokuwa ya moto ndivyo nzito inavyopungua. Hesabu za meno hayo zinaonyesha maji ya ukanda wa ikweta yakikaribia nyuzi 40 baada ya maafa. Katika kila aina kumi za viumbe wa baharini, nane au tisa zilitoweka. Jamii zote mbili kubwa za matumbawe za wakati ule zilikwisha, hakubaki hata moja. Matumbawe ya jamii tuliyo nayo leo yanaonekana kwenye miamba yapata miaka milioni 10 baadaye. Kwa hiyo jiwe la Manda Maweni, kisiwani jirani na Lamu, unalolichonga halina ukoo na yale.

Ukitaka kuona mawe ya zama hizo huna haja ya kwenda Siberia. Panda basi la Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Mariakani utafika Maji ya Chumvi. Katika matabaka ya huko wamepatikana samaki waliogeuka mawe, walioishi muda mfupi baada ya kufutika huko. Muda mfupi kwa saa yetu sisi tunaosoma mawe, si kwa saa ya baraza.

Maafa mengine manne nayapita haraka, na naomba mwanao asiambiwe kwamba yote yalikuwa ya joto. Lile la kwanza, miaka milioni 445 hivi iliyopita, liliambatana na baridi: barafu ilitanda hadi ilipo Sahara ya leo na bahari ikashuka. La pili, lile la kipindi cha Devoni, lilijivuta kwa muda mrefu. La nne, miaka milioni 201, ni ndugu wa Siberia: volkano na kaboni tena. La tano ndilo la dinosaria, miaka milioni 66. Mwaka 1980 Luis Alvarez na mwanawe Walter walitangaza kwamba udongo wa wakati huo una iridiamu nyingi, madini adimu ardhini na ya kawaida kwenye mawe ya angani. Shimo lenyewe liko Chicxulub, Mexico. Vumbi, masizi na salfa vilizuia jua, dunia ikapoa ghafla.

Baridi, joto, jiwe la angani. Yanachofanana ni mwendo: mabadiliko yalikwenda kasi kuliko viumbe walivyoweza kuhama au kuzoea. Hapa ndipo "basi" ya wenzako inapovunjika. Kuta zako ni ushahidi. Mawe ya Manda ni mwamba wa bahari wa miaka 125,000 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa na joto kuzidi kidogo la kabla ya viwanda, na bahari ikiwa juu kwa mita 6 hadi 9. Matumbawe yalistawi vizuri tu, kwa sababu bahari haikupanda kwa kasi ya kuyashinda, nayo yakapanda nayo.

Leo mwendo ni mwingine. Kabla ya viwanda hewa ilikuwa na sehemu 280 za kaboni dioksidi katika kila milioni. Sasa zimepita 420. Miaka milioni 56 iliyopita dunia ilipanda joto nyuzi 5 hivi kwa kaboni iliyokadiriwa kutoka kwa kasi ya tani bilioni 1 kwa mwaka. Sisi tunatoa karibu bilioni 10. Na mtu akisema barazani kwamba volkano za leo zinatushinda, mwambie hazifiki hata sehemu moja katika mia ya tunazotoa.

Je, tumo ndani ya la sita? Kwa hesabu, bado: maafa makubwa huitwa hivyo robo tatu ya aina za viumbe zinapopotea, na hatujafika huko. Tena mengi ya leo hayakuanzia kwenye hewa. Nguva wa Lamu hakumalizwa na joto, alimalizwa na jarife na chusa. Lakini El Niño ya 1998 ilipopausha matumbawe, miamba mingi ya pwani yetu ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai kwa msimu mmoja tu.

Sasa tanuu yako. Mwanao ana haki nusu. Gesi iliyotoka kwenye jiwe huanza kurudi siku unapopiga lipu: chokaa inapokomaa ukutani huvuta gesi ileile hewani na kugeuka jiwe upya, ndiyo sababu lipu ya babu zenu inagonga patasi yako kama mwamba. Dunia nayo hufanya hivyo, mvua ikila miamba na mito ikipeleka baharini, ila baada ya lile joto la miaka milioni 56 kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 100,000. Moshi wa kuni hauingii kwenye hesabu ya lipu. Huo hurudi mikoko iliyokatwa ikiota tena, na hilo waulize wanaokuuzia kuni.