Ski za Grenoble: lini zipelekwe kwa fundi

Yaya, mwambie mdogo wako huko Grenoble, Ufaransa, apitishe ukucha kwa kukatiza ukingo wa chuma wa ski, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji. Ukingo ukikwangua unga kidogo wa ukucha, bado ni mkali. Ukucha ukiteleza tu, au akigusa vijino vijino, zipelekwe kwa fundi. Kabla sijarudi Goma nilifanya kazi kwenye duka la kukodisha ski huko Ufaransa, na hicho ndicho kipimo chetu cha kila asubuhi. Upande wa chini ukipauka kama ngozi isiyopakwa mafuta, hasa karibu na kingo, inahitaji nta tu, apake mwenyewe. Ila mkwaruzo uliofika mbao ya ndani asiungojee: maji yakiingia, mbao inavimba. Kutu nyepesi isimtishe, inasuguliwa ikatoka.