Jibu: Skeli naijua, ila solo haitoki

Habari ndugu. Umesema kwenye gitaa skeli ya C meja (noti C, D, E, F, G, A, B kwa mfuatano) unaipanda na kuishuka bila kukosea, ila wimbo ukianza tu na unataka kupiga solo, yaani melodi yako mwenyewe, vidole vinaganda. Kwanza jipime: unaweza kuianzia katikati, tuseme kwenye A, bila kurudi C? Wengi hukwama hapo, maana vidole vimekariri njia moja tu.

Mimi kilichonisaidia ni kuruka noti: C-E, D-F, E-G, hivyo hivyo mpaka juu, kisha unarudi. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, noti mbili kila pigo. Ukisikia uzi unakwaruza au noti inakatika, punguza kasi. Mara nyingi msumbufu ni kidole kidogo, kinaruka mbali na uzi. Kizuie kibaki karibu.

Halafu, na hili nalisisitiza sana, jirekodi kwenye simu ukipiga kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za C, F na G taratibu, kisha cheza rekodi hiyo na upige skeli juu yake. Ikiingia kodi ya F, tua kwenye noti F, A au C. Ikiingia kodi ya G, tua G, B au D. Imba noti kabla hujaigusa. Skeli nyingine ziache kwanza.