Kumbukumbu ya pombe kwa nzi wa matunda: ya kujua kabla hujaanza majaribio

Kosa linalowapata wengi wanaoanza kazi hii ni kupima mapema. Ukimfundisha nzi wa matunda kwa kuoanisha harufu na mvuke wa ethanoli, halafu ukampima baada ya dakika 30, ataikwepa harufu ile. Mpime saa 24 baadaye, ataifuata, na mvuto huo hudumu hata siku 7. Watafiti Karla Kaun, Ulrike Heberlein na wenzao walilionyesha hilo mwaka 2011. Kwa hiyo ukiishia kwenye kipimo cha nusu saa utaandika kwamba nzi wanachukia pombe, nawe utakuwa umekosea kabisa. Panga vipimo vyote viwili, kila kimoja kwa kundi lake la nzi.

Weka madume 30 hivi katika kila mrija wenye matundu, chini ya taa nyekundu hafifu, maana nzi karibu hawaoni mwanga mwekundu. Wape harufu ya kwanza peke yake kwa dakika 10, kisha harufu ya pili pamoja na ethanoli kwa dakika 10. Rudia mara tatu, ukiacha mapumziko ya dakika 50 kati ya raundi. Mapumziko hayo usiyafupishe ili uwahi kumaliza, kwa sababu kumbukumbu ya muda mrefu hujengwa na mafunzo yaliyoachanishwa. Hewa yote ipitie kwenye maji kwanza, la sivyo nzi watakauka, na tofauti ya unyevu itakuwa ishara nyingine wanayojifunza bila wewe kujua.

Kiasi cha pombe kitazame kwa macho, usitegemee namba za mita ya kupimia hewa peke yake. Kinachofaa huwafanya nzi wakimbie huku na huko, wakigonga kuta za mrija na kupandana. Ukiwaona wamelala chali, miguu ikitikisika kidogo, umezidisha: aliyelewa hadi kuzimia hapati somo unalokusudia. Angalia pia chupa ya ethanoli. Ikipungua au ikipoa kwa kupitisha hewa muda mrefu, mvuke hupungua, na nzi wa jioni hawatakuwa wamepata kiasi kile kile cha nzi wa asubuhi.

Kabla ya yote, pima nzi ambao hawajafundishwa. Katika mrija wa njia panda, wenye harufu moja kila upande, wanapaswa kugawanyika karibu nusu kwa nusu. Wasipofanya hivyo, rekebisha ukali wa harufu moja kwa kuizimua zaidi katika mafuta ya madini. Hata baada ya hapo, kila jaribio liwe na makundi mawili: moja lipate pombe na harufu ya kwanza, jingine na ya pili.

Hesabu ni nyepesi. Nzi 20 wakienda kwenye harufu ya pombe na 10 kwenye nyingine, kielezo, yaani kipimo cha upendeleo wao, ni (20 − 10) ÷ 30, yaani 0.33. Wastani wa makundi hayo mawili ndio sampuli moja. Kuhesabu kila nzi kama sampuli ni kujidanganya, kwani nzi wa mrija mmoja hufuatana.

Utamu wa kazi uko kwenye ubongo. Kumbukumbu hii inahitaji dopamini, kemikali ya kupelekeana ishara kwenye ubongo, na sehemu iitwayo miili ya uyoga, na neuroni (seli za neva) zake, zenye makundi yaliyopewa majina ya herufi za Kigiriki, hupokezana: za gama hushika somo, za alfa prime na beta prime hulihifadhi, za alfa na beta hulikumbusha. Ili kuona hayo, neuroni huzimwa kwa jeni ya shibire inayoitikia joto la nyuzi 30 hivi, ama wakati wa mafunzo, ama katikati, ama wakati wa kupima. Joto lenyewe hubadilisha mwendo wa nzi na uvukizi wa ethanoli, hivyo nzi wa kulinganisha wa pande zote mbili, wenye GAL4 tu (sehemu inayochagua neuroni) na wenye UAS tu (sehemu inayobeba shibire), wapitishwe kwenye joto lile lile. Halafu hakikisha nzi uliowabadilisha bado wananusa na wanafyonza pombe sawasawa na wenzao, maana nzi asiyenusa naye atakupa kielezo cha sifuri.